Kumwaga maji yote ya tangi si tiba: tupime ualkali kabla ya kuhangaika na pH

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu makala mliyoichapisha hivi karibuni juu ya ufugaji wa samaki wa mapambo majumbani. Makala hayo yaliwashauri wasomaji mambo mawili: kwanza, kwamba maji yote ya tangi yamwagwe kila baada ya wiki mbili na changarawe pamoja na filta vioshwe kwa maji ya bomba hadi visiwe na utelezi, pili, kwamba pH (kipimo cha asidi ya maji, ambacho 7 ni katikati na chini yake ni asidi) ikionekana imepanda juu ya 7, mfugaji aishushe kwa matone ya limau au siki. Sina shaka kwamba mwandishi aliandika kwa nia njema, na ushauri huo huo hutolewa kila siku kwenye vibanda vingi vinavyouza samaki hawa hapa Dar es Salaam. Hata hivyo, kwa kuwa nilifanya kazi ya upimaji wa maji maabara kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa kuwa ninafuga samaki hao hao nyumbani, naona ushauri huo ukiachwa bila kujibiwa utaendelea kuua samaki wa watu wanaoufuata kwa uaminifu.

Malalamiko ninayoyasikia kwa wafugaji wenzangu yana sura moja. Tangi limekaa miezi kadhaa bila tatizo, samaki wanakula, maji yanang'aa. Siku moja mwenye tangi anaamua kulifanyia usafi mkubwa, anatoa nusu ya maji au zaidi, anajaza mapya, na kabla ya kupambazuka samaki wanahema juu ya maji au wameshaelea. Lawama hutupiwa maji ya bomba, hutupiwa muuzaji, na wapo wanaozungumzia husuda ya jirani. Lakini mara nyingi chanzo cha vifo hivyo kimejengeka ndani ya tangi lenyewe muda mrefu kabla ya siku ya usafi, na mtu asiyepima kitu kingine zaidi ya pH hawezi kukiona mapema.

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua, na chakula kisicholiwa pamoja na kinyesi huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta, kwenye changarawe na kwenye vioo huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine la bakteria huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Hayo wafugaji wengi wanayajua. Kisichosemwa sana ni kwamba kazi hiyo ina gharama, kwa sababu bakteria wanapoigeuza amonia huzalisha asidi, na asidi hiyo hula baikaboneti iliyomo majini. Kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia inayogeuzwa hadi nitrati humaliza takribani miligramu 7 za ualkali, yaani uwezo huo wa maji kumeza asidi, ukihesabiwa kama kalisiamu kaboneti. Ualkali ndio akiba ya maji: maadamu upo, asidi inayoingia humezwa na pH haitikisiki, ukiisha, pH huporomoka ndani ya siku chache, na mwenye tangi hushangaa kwa nini namba iliyokaa palepale kwa miezi imeanguka ghafla, ilhali kilichokuwa kikipungua muda wote huo hakuwahi kukipima.

pH ikishuka hadi karibu na 6, bakteria wale karibu wote husimamisha kazi, na amonia huanza kujikusanya. Hapa ndipo kemia inapomdanganya mfugaji, kwa kuwa amonia ina sura mbili majini, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo wake. Katika nyuzi joto 25, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 0.1 ya amonia yote pH ikiwa 6. Hufikia takribani asilimia 0.6 pH ikiwa 7, asilimia 5 pH ikiwa 8, na zaidi ya theluthi moja pH ikiwa 9. Kwa hiyo samaki wanaweza kuishi wiki nyingi ndani ya maji ya asidi yaliyojaa amonia bila kuonyesha dalili kubwa. Sasa mwenye tangi anakuja na ndoo zake, anatoa nusu ya maji na kujaza maji ya kisima ambayo yanaipandisha pH hadi 7.5. Amonia yote imepungua kwa nusu, ndiyo, lakini sehemu yenye sumu imeongezeka zaidi ya mara kumi kwa saa moja, na samaki huungua matamvua ndani ya maji ambayo kwa macho ni masafi kuliko ya jana.

Anayemwaga maji yote na kuosha kila kitu kwa maji ya bomba huikwepa hatari hiyo, kwa maana amonia ya zamani inaondoka pamoja na maji, lakini hujitengenezea hatari nyingine mbili. Samaki wake hupata mshtuko wa kuhamishwa ghafla kutoka maji ya aina moja hadi ya aina nyingine, na klorini ya bomba huwaua wale bakteria waliochukua wiki nne hadi sita kujijenga. Samaki wa huyu hawafi usiku ule ule. Hufa siku ya tatu, ya nne au ya tano, amonia na nitriti zinapopanda bila wa kuzigeuza. Nitriti huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, hata damu yenyewe hugeuka rangi ya kahawia, ndiyo maana samaki huonekana wanatafuta hewa juu ya maji wakati pampu ya hewa inafanya kazi vizuri kabisa. Ule utelezi kwenye sponji ambao makala yenu yaliuita uchafu ndio makazi ya bakteria hao. Sponji ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, na irudishwe.

Kanuni hiyo hiyo ya amonia na pH inaeleza kwa nini samaki waliosafirishwa kwa saa nyingi ndani ya mifuko ya plastiki, kama wale wanaoletwa Dar es Salaam kutoka Kigoma, hufa baada ya kufika na si njiani. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki hutoa amonia, lakini hutoa pia kabonidayoksaidi inayoishusha pH, hivyo amonia hukaa katika sura yake isiyo na madhara makubwa. Mfuko ukifunguliwa, kabonidayoksaidi huruka, pH hupanda, na sumu huamka. Desturi ya kuuacha mfuko wazi saa nzima huku mtu akiongeza maji ya tangi kijiko kwa kijiko inawafaa samaki walionunuliwa mtaa wa pili. Kwa samaki waliotoka safari ndefu, ni heri mfuko uelee juu ya tangi ukiwa bado umefungwa hadi joto lilingane, kisha ufunguliwe na samaki wahamishwe kwa wavu mara moja, maji ya mfuko yamwagwe nje.

Nije kwenye limau na siki. Kwanza niulize: nani aliyesema pH lazima iwe 7? Samaki wengi wenye rangi za kupendeza tunaowafuga ni wa jamii ya sato kutoka Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, na maji ya maziwa hayo hayako hata karibu na 7. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9 na ualkali unaozidi miligramu 300 kwa lita. Ziwa Nyasa lina pH ya 8 na kidogo, na ualkali wa takribani miligramu 120. Upande wa pili wako samaki wa mito ya Amazon, hasa wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa, ambao ndugu zao wa porini huishi katika maji laini, yaani yenye chokaa na madini machache, na yenye asidi. Maji ya mto Rio Negro yana pH ya 4 hadi 5 na karibu hayana ualkali. Kuwaweka samaki wa Kigoma na hao wa Amazon ndani ya tangi moja, kisha kuchagua 7 kama suluhu, ni kuwaonea wote. Ni kweli kwamba samaki waliozaliwa mashambani kwa vizazi vingi huvumilia maji ya aina nyingi kuliko ndugu zao wa porini, lakini wanachokivumilia ni maji yanayotulia. Maji ambayo pH yake hupanda asubuhi na kushuka jioni huwachosha wote.

Na limau hufanya hivyo hasa. Katika maji yenye ualkali wa kutosha, asidi ya limau au ya siki hukutana na baikaboneti, kabonidayoksaidi hutengenezwa na pH hushuka, mfugaji hufurahi. Baada ya saa chache kabonidayoksaidi huruka, bakteria nao huila ile asidi na kuirudisha baikaboneti, wakitumia oksijeni ya samaki kwa kazi hiyo, na kesho yake pH iko palepale ilipokuwa. Mfugaji huongeza limau zaidi. Hujiona anapambana na maji mabishi, kumbe ni yeye anayeyayumbisha. Katika maji yenye ualkali mdogo mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu tone lile lile lililoshindwa jana hupitiliza leo, na hakuna cha kulizuia. Anayetaka maji ya asidi kwa ajili ya samaki wa Amazon aanze na maji laini, mathalani maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi baada ya manyunyu ya kwanza kupita, ayachanganye na ya bomba kwa kipimo kimoja kila mara. Kuna tahadhari hapo: maji ya mvua yakihifadhiwa kwenye tangi la saruji huyeyusha chokaa na kuacha kuwa laini, kwa hiyo tangi la plastiki linafaa zaidi.

Suala la chanzo cha maji lilipitwa kabisa na makala yenu, ingawa kwa sisi tunaoishi Dar es Salaam ndilo lenye utata mkubwa kuliko yote. Nyumba moja inaweza kutumia maji ya bomba yanayotoka mto Ruvu leo, maji ya kisima kirefu kesho, na maji ya boza wiki ijayo, yote yakiingia tangi moja juu ya paa, na hakuna mwenye boza anayekueleza alikochota. Maji ya visima vya ukanda wa pwani mara nyingi yana chumvi, lakini chumvi unayoionja mdomoni si ualkali; yapo maji yenye chumvi nyingi na ualkali wa kawaida tu. Maji ya kisima pia huwa na kabonidayoksaidi nyingi yanapotoka ardhini, hivyo ukiyapima papo hapo pH huonekana iko chini kuliko ilivyo kweli. Yaachwe usiku kucha na pampu ya hewa ndipo yapimwe. Mambo hayo hutofautiana mji kwa mji, na ndiyo maana ushauri unaofanya kazi kwa mwingine usichukuliwe kama ulivyo. Maji ya bomba ya Nairobi, ambayo kwa wingi hutoka bwawa la Ndakaini, ni laini, ilhali visima vya jiji hilo hilo hutoa maji yenye baikaboneti ya sodiamu na floraidi nyingi. Wafugaji wawili wa mtaa mmoja wanaweza kuhitaji ushauri unaopingana.

Mwenye ualkali mdogo anaweza kuuongeza bila gharama kubwa. Makome ya baharini yaliyovunjwavunjwa, ambayo maduka ya vyakula vya mifugo huuza kwa ajili ya kuku, yakioshwa vizuri na kuwekwa ndani ya filta kwenye mfuko wa wavu, huyeyuka polepole, na huyeyuka haraka zaidi kila maji yanapoelekea kwenye asidi. Kwa samaki wa Ziwa Nyasa sijaona njia iliyo rahisi kuliko hiyo. Hakuna haja ya kwenda kuvunja matumbawe. Anayehitaji matokeo ya haraka atumie ile soda ya unga inayotumiwa kuokea mikate: kijiko kimoja cha chai, yaani takribani gramu 5, katika lita 50 za maji huongeza ualkali kwa karibu miligramu 60 kwa lita. Iyeyushwe kwanza kwenye ndoo ya maji mapya, na isimiminwe moja kwa moja juu ya samaki. Ninasisitiza kwamba ni soda ya kuokea na wala si magadi yale yanayolainisha maharage jikoni, kwa sababu nimeona watu wakichukua moja kwa jina la jingine. Magadi yana kaboneti yenyewe ya sodiamu, huipandisha pH kupita kiasi kwa kipimo kidogo tu, na yanayotoka maziwa ya Bonde la Ufa huweza kubeba floraidi.

Kuhusu klorini sitasema mengi. Shirika la Afya Duniani hutaka mabaki ya klorini yasipungue miligramu 0.2 kwa lita maji yanapomfikia mtumiaji, na kiasi hicho kinachotulinda sisi dhidi ya kipindupindu kinatosha kuwadhuru samaki wakikaa ndani yake. Klorini ya kawaida huondoka maji yakiachwa wazi siku nzima huku yakipulizwa hewa, na anayetaka haraka atumie sodiamu thayosalfeti inayouzwa kwenye maduka ya samaki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Hilo likifanyika, kubadilisha robo ya maji kila wiki kunatosha kwa tangi lisilojazwa samaki kupita uwezo wake. Robo hiyo hupunguza nitrati na, ambalo ni muhimu zaidi kwa hoja yangu, hurudisha ualkali ulioliwa wiki nzima kabla haujafikia ukingoni. Maji yanayopungua kwa mvuke, ambayo katika joto letu si machache, yafidiwe kwa maji laini, kwa kuwa mvuke huondoka peke yake na kuacha chumvi zote nyuma; anayefidia kwa maji ya kisima mwezi baada ya mwezi anazilimbikiza bila kujua.

Kuna jambo la umeme pia. Unapokatika kwa saa nyingi, filta iliyofungwa hubaki na maji yasiyotembea, oksijeni huisha ndani yake, na bakteria huanza kufa. Kuiwasha tu umeme unaporudi ni kuusukuma ule uozo ndani ya tangi. Ifunguliwe, maji yaliyolala ndani yake yamwagwe, ndipo iwashwe, na samaki wapunguziwe chakula kwa siku mbili tatu. Asiye na jenereta anunue pampu ya hewa ya betri na kuifunga kwenye filta ya sponji, ambayo kwa maoni yangu ndiyo filta inayowafaa zaidi wafugaji wa hapa kuliko zile za bei kubwa zenye vyumba vingi.

Yote haya yanahitaji kipimo, na huwa naambiwa kwamba vipimo vya samaki ni adimu na ghali. Vya vitone ni kweli. Lakini karatasi za kupimia maji ya mabwawa ya kuogelea zinapatikana kwenye maduka yanayouza dawa za mabwawa hayo, na nyingi kati yake zina visanduku vitatu vya rangi ndani ya karatasi moja: klorini, pH na ualkali wa jumla, huu wa mwisho ukisomeka kwa miligramu kwa lita. Si sahihi kama maabara, ila zinatosha kumwonya mtu. Kwa tangi la samaki wa kawaida, ningependa ualkali usishuke chini ya miligramu 70. Kwa samaki wa Ziwa Nyasa usipungue 120, na kwa wale wa Tanganyika uvuke 200. Anayetumia kipimo cha vitone kinachosomeka kwa digrii za Kijerumani azidishe kila digrii kwa 18 kupata miligramu. Ualkali upimwe mara moja kwa wiki, kabla ya kubadilisha maji na si baada yake, maana kinachotafutwa ni kujua tangi limekula kiasi gani. Ukikutwa umeshuka sana na pH imeshaanguka chini ya 6.5, maji yabadilishwe kidogo kidogo, sehemu ya kumi kwa siku, na chakula kisimamishwe, hadi amonia ipimwe na kuonekana imekwisha.

Ombi langu kwa gazeti lenu ni dogo. Mkirudia mada hii, tafadhali mwiteni mtu wa maabara ya maji akae pamoja na mfugaji, na mwondoe ule ushauri wa kuosha filta kwa maji ya bomba. Kwa wauzaji wa samaki ninaomba jambo moja: mfuko unapofungwa, muuzaji aandike juu yake kwa kalamu pH na ualkali wa maji yake na chanzo chake, iwe bomba, kisima au mvua. Kazi hiyo ni ya nusu dakika, na mnunuzi atajua kabla hajafika nyumbani kama maji yake yanalingana na yale waliyozoea samaki aliowanunua au anapaswa kuyaandaa kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Tabata, Dar es Salaam